Kimlango cha mafuta kimegoma: anzia kwenye liva, si kwenye bisibisi

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, nipo Tanga. Kwa muda sasa kimlango cha mafuta kinanisumbua. Navuta liva ya pembeni ya kiti, nasikia mlio, lakini hakinyanyuki. Mwanzoni vijana wa sheli walikuwa wanakipiga kofi kinafunguka. Juzi kimekataa kabisa, na taa ya mafuta inawaka. Kijana mmoja alitaka kukibandua kwa bisibisi, nikamkatalia. Fundi wa mtaani kwetu anasema kebo imekufa, tubadilishe yote, na bei aliyonitajia imenikatisha tamaa. Nifanyeje nipate mafuta leo? Na je, ni kweli kebo imekufa?

Marahaba, dada. Kama mlio unaousikia unatoka nyuma ya gari, kebo yako haijakatika. Kebo iliyokatika haipigi mlio huko nyuma, kwa sababu nguvu ya mkono wako haifiki. Kwa hiyo ile bei iweke pembeni kwanza, tutairudia.

Tuanze na mafuta ya leo. Tafuta mtu wa pili, zima gari, na asiwepo anayevuta sigara karibu. Wewe kaa kwenye kiti, mwenzako asimame kwenye kimlango. Mwambie akikandamize ndani kwa kiganja, taratibu lakini kwa nguvu ya kutosha. Akiwa amekandamiza, wewe vuta liva hadi mwisho na uishikilie. Usiiachie. Sasa mwenzako aondoe kiganja polepole huku wewe bado umeshikilia. Mara nyingi kimlango kitasogea nje kidogo, hata kama ni upana wa ukucha, naye atakidaka kwa vidole.

Kukandamiza kunasaidia kwa sababu pini inayofunga kimlango huwa imebanwa na kimlango chenyewe. Raba na springi zinakisukuma kimlango nje, kimlango kinailalia pini, na pini iliyolaliwa hivyo ni ngumu kurudi nyuma, hasa ikiwa na vumbi au kutu. Ukikisukuma ndani unaipunguzia mzigo. Ndiyo siri ya lile kofi la vijana wa sheli. Tatizo la kofi ni kwamba wengi hulipiga baada ya dereva kuachia liva, na hapo wanapiga bati bure.

Kikikandamizwa na kuachiwa kisiposogea, bado shikilia liva na mwenzako akivute. Hapa ndipo bisibisi inapoingia mikononi mwa watu, na hapa ndipo rangi inapoharibika. Kwa mtu wa Tanga mchubuko wa rangi si suala la urembo: hewa ya chumvi ikipata bati lililo wazi, kutu inaanza pembeni ya kimlango na kuingia ndani ya kava, lile bakuli linalozunguka mdomo wa tenki. Tumia kadi ya plastiki usiyoihitaji, au rula ya mtoto ya plastiki. Bandika selotepu ya karatasi kwenye bodi kuzunguka ukingo, kisha ingiza kadi upande wa nyuma wa kimlango, ule unaoelekea taa ya nyuma. Upande wa mbele ndiko bawaba ziliko, ukivuta huko utapinda bawaba. Kazi ya kadi ni kuuinua ukingo wa kimlango wakati pini iko nyuma. Haitaisukuma pini yenyewe, kwa hiyo kama liva haijashikiliwa, usipoteze muda kuchokonoa.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi kuliko kadi: kile kishikio cha simu cha kwenye kioo, chenye raba inayonyonya. Futa kimlango kwa kitambaa chenye maji, kikauke, bandika ile raba karibu na ukingo wa nyuma, bana kiwiko chake, halafu vuta wakati liva imeshikiliwa. Haigusi ukingo wa rangi kabisa. Kama una wasiwasi kuwa sehemu hiyo ilishapigwa rangi upya na fundi asiyeandaa bati vizuri, vuta kwa adabu.

Ukiwa peke yako, inyanyue liva na uibane kwa chupa ya maji au kitambaa kilichokunjwa, kisha uende nyuma.

Kimlango kikifunguka, usikifunge tena. Weka mafuta, kaza vizuri kifuniko cha tenki, kisha kishikize kimlango kwa selotepu tu mpaka ufike nyumbani. Kinachozuia mafuta yasimwagike na mvuke usitoke ni kile kifuniko cha kuzungusha. Kimlango cha nje ni pazia tu la kuzuia vumbi, mvua na wanyonyaji wa mafuta. Kutembea nacho kimeshikizwa kwa selotepu siku moja hakuna hatari, ila usilaze gari barabarani hivyo.

Kama mbinu zote hizo zimegoma, kuna mlango wa uani. Fungua buti, kunja kiti cha nyuma, ondoa kila kitu kilichopo. Kwenye IST tenki linajazwa kushoto, kwa hiyo kazi yako ni ile plastiki ya ukutani upande wa kushoto wa buti. Anza na plastiki ya kizingiti, ile ndefu ambayo mlango wa buti unafungia, ivute juu itoke kwenye klipu zake. Kisha legeza klipu za plastiki ya ukutani. Huna haja ya kuitoa yote. Unatafuta nafasi ya mkono na tochi tu.

Ndani utaona mrija mnene unaoshuka kutoka kwenye mdomo wa tenki, na pembeni yake kebo nyembamba inayoishia kwenye kipande cha plastiki kilichochomekwa kwenye kava. Hicho kipande ndicho kitasa chenyewe, na pini imo ndani yake. Shika waya wa ndani wa kebo kwa plaizi yenye mdomo mwembamba na uuvute kutoka kwenye kitasa, au kama waya hauonekani, shika kile kipande cha plastiki na ukizungushe kama robo mzunguko. Kwenye Toyota nyingi za umri huo kinatoka kwenye tundu lake, na kikitoka kimlango hakina tena kinachokishika. Fanya polepole. Plastiki ya gari la zaidi ya miaka 20 iliyokaa kwenye joto la pwani haina ulaini iliyotoka nao kiwandani.

Humo ndani usivute mrija wa mafuta wala nyaya za taa za nyuma. Ukisikia harufu kali ya petroli, acha, fungua milango yote, mwite fundi. Na asije mtu na grainda, mashine ya kuchomea au kiberiti cha kuonea gizani. Nimewahi kuwasikia watu wakipendekeza kukata kimlango kwa grainda ili "waokoe muda". Mdomo wa tenki uko sentimita chache nyuma ya bati hilo, na tenki linalokaribia kuisha ndilo lenye nafasi kubwa ya mvuke. Cheche moja inatosha.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kimlango kikiwa wazi, rudi kwenye liva na umwombe mtu aitazame pini wakati wewe unavuta. Kipimo hiki ndicho fundi wako alitakiwa kukifanya kabla ya kutaja bei. Pini ikirudi nyuma yote ukivuta, na ikitoka yenyewe yote ukiachia, basi liva, kebo na kitasa vyote ni vizima. Ugonjwa uko kwenye kitu kinachotakiwa kukinyanyua kimlango.

Kwa maelezo yako nadhani ndiko tutakakoishia. Ndani ya kimlango, karibu na bawaba, huwa kuna springi bapa, kipande cha chuma chembamba kilichopindwa. Kazi yake ni kukirusha kimlango nje pindi pini inapokiachia. Springi hii ikichoka, ikipinda au ikidondoka, pini itarudi, utasikia mlio, lakini kimlango hakitaondoka mahali pake. Ukiachia liva, pini inatoka tena na kukidaka palepale. Dalili zako ni hizo hizo: mlio upo, kofi lilisaidia kwa muda, kisha likaacha kusaidia.

Ichunguze. Ikiwa ipo lakini imelala, unaweza kuipinda nje kidogo kwa plaizi. Kidogo tu, springi ya namna hii ukiipinda ikunjuke kisha uirudishe, inavunjika. Ikiwa imevunjika au haipo, nunua nyingine. Ni spea ndogo, na kwenye gari lililochinjwa utaipata ikiwa na kimlango chake. Wakati unaitafuta, bandika kimguu cha raba, vile vya chini ya laptopu au vya milango ya makabati, upande wa ndani wa kimlango karibu na ukingo wa nyuma, mahali ambapo kitagusa kava kimlango kikifungwa. Kikibanwa, kitakisukuma kimlango nje pini inapoachia. Usiweke kinene sana, la sivyo kimlango kitakaa kimechomoza na pini italaliwa kwa nguvu kuliko mwanzo, tutarudi kulekule.

Halafu angalia bawaba. Chezesha kimlango kwa kidole: kinatakiwa kuelea kirahisi, bila kukwaruza. Kikiwa kizito hata springi mpya itashindwa. Kwa pwani, kutu kwenye pini ya bawaba ni jambo la kawaida. Puliza WD-40 au dawa nyingine ya kulegeza kutu, subiri, chezesha mara nyingi, futa uchafu mweusi utakaotoka, kisha paka grisi nyeupe kidogo. Kabla ya kupuliza chochote hakikisha kifuniko cha tenki kimekazwa. WD-40 pekee haitoshi kama kilainishi cha kudumu; inasafisha na kulegeza, kisha inakauka. Wengi hupuliza, kikafunguka, wakadhani wamemaliza, na wiki chache baadaye wanarudi palepale.

Usitumie mafuta ya kupikia, yanageuka gundi ya vumbi. Usitumie brek fluidi, ingawa kuna watu wanaiapia kwa kulegeza kutu: inakula rangi. Na usioshe sehemu hiyo kwa petroli.

Ukiwa hapo, tazama chini ya kava linalozunguka mdomo wa tenki. Kuna kitundu cha kutolea maji. Mvua na maji ya kuoshea gari yanayoingia humo yanatakiwa kutokea hapo. Kikiziba kwa mchanga, maji yanasimama, na kinachooza kwanza ni bawaba na kitasa. Kizibue kwa waya laini wa plastiki na umimine maji kidogo uone kama yanashuka, kifuniko kikiwa kimekazwa. Na ukienda kuosha gari, waambie vijana wasielekeze mashine ya presha moja kwa moja kwenye ukingo wa kimlango. Maji ya namna hiyo yanasukuma mchanga hadi kwenye pini.

Tuseme sasa kipimo kimetoa jibu tofauti, pini hairudi yote. Hapo hisia ya mkono wako kwenye liva itakuambia. Liva ikiwa laini kabisa, haina upinzani, kama haijafungwa kwenye kitu, basi kebo imechomoka kwenye liva au imekatika. Anza kwa kuchomoka, ndiko rahisi: toa plastiki ya kizingiti cha mlango wa dereva, inua zulia, tazama kichwa cha waya kama bado kimekaa kwenye kijitundu chake. Liva nyingine zimevunjika hapo, na liva ni plastiki tu, inabadilishwa bila kugusa kebo.

Liva ikiwa ngumu kupita kiasi, usiilazimishe, utaivunja. Hapo waya umeshika kutu ndani ya ganda lake, au pini imeganda. Kuvitofautisha, chomoa waya wa kebo kwenye kitasa upande wa buti kisha vuta liva tena. Ikiwa sasa inakwenda vizuri, mgonjwa alikuwa pini: isafishe kwa mswaki wa zamani na dawa ya kutu, ipake grisi. Ikiwa bado ni ngumu, basi hapo kweli kebo imekufa, na fundi wako atakuwa na haki.

Kuna hali ya katikati ambayo mafundi wengi hawaitaji, kwa sababu haina faida kwao. Waya umelegea kidogo kwa umri, liva inavutika hadi mwisho lakini pini inarudi robo tatu tu ya njia. Hapa watu wanauziwa kebo nzima. Jaribu hivi kwanza: mahali ganda la nje la kebo linapokaa kwenye kishikio chake, chomeka kipande kifupi cha mrija mgumu wa plastiki, kilichopasuliwa ubavuni ili kikumbatie waya, kikae kati ya mwisho wa ganda na kishikio. Milimita tatu au nne zinatosha. Ganda likisogea nyuma, ule ulegevu unaliwa, na pini inapata safari yake yote. Ukizidisha, pini haitatoka yote na kimlango hakitafunga, kwa hiyo jaribu ukiwa bado umekiacha wazi.

Kuhusu bei ya kubadilisha kebo, nikutetee na nimtetee fundi pia. Kwa kuwa liva iko kulia na tenki kushoto, kebo lazima ivuke gari chini ya zulia. Kuibadilisha ni kutoa plastiki za vizingiti, kuinua zulia, mara nyingi kutoa kiti, na kufungua ukuta wa buti. Waya wenyewe si ghali, ila kazi ni ya masaa. Kwa hiyo bei kubwa si lazima iwe wizi. Kosa lake ni kuitaja kabla ya kupima. Mwambie: "Fundi, kwanza tufungue, unioneshe pini nikivuta liva." Akikataa, tafuta mwingine.

Swali moja ningependa ujijibu: hilo gari limewahi kugongwa au kupigwa rangi upande wa kushoto nyuma? Tazama nafasi kati ya kimlango na bodi. Inatakiwa iwe sawa pande zote. Ikiwa imebana sehemu moja, au ukingo umejaa rangi nene ya kurudiwa, kimlango kinakwaruza na hakuna springi itakayokishinda. Dawa yake ni kulegeza bawaba na kukisogeza, au kuondoa rangi iliyozidi kwa msasa laini na kuupaka ukingo upya.

Kwa wengine wanaosoma hapa na si wa IST: Volkswagen, BMW na Mercedes nyingi hazina liva kabisa. Kimlango hufungwa na kamota kadogo ka umeme kanakofuata loki ya milango, kwa hiyo jambo la kwanza ni kufungua milango yote kwa rimoti na kusikiliza kama kuna mlio upande wa kimlango. Kusipokuwa na mlio, angalia fyuzi. Nyingi kati yake zina kamba ya dharura ndani ya buti, nyuma ya plastiki ya upande wa tenki, ambayo kwa Wajerumani hao mara nyingi ni kulia. Ivute taratibu. Wenye magari ya mlango wa kuteleza kama Noah, kumbukeni kwamba kimlango cha mafuta kikiwa wazi, mlango wa kuteleza wa upande huo huzuiwa kufunguka ili usikigonge. Msije mkadhani mmepata hitilafu nyingine. Na wenye pikapu zenye kifuniko cha ufunguo, vumbi ndiyo adui wa kitasa. Usitie oili. Kwaruza risasi ya penseli iwe unga, paka kwenye ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa, kisha ndipo uzungushe.

Dada, jambo la mwisho ni haraka. Usiendelee kuzunguka mjini na hiyo taa ukisubiri nafasi ya kwenda gereji. Pampu ya mafuta ya gari lako imo ndani ya tenki, na inapozwa na petroli hiyo hiyo. Ukiizoesha kufanya kazi kwenye tenki tupu utakuja kununua pampu, nayo si bei ya springi. Fanya jaribio la watu wawili leo ukiwa hapo hapo sheli, jaza, kisha kesho asubuhi kabla ya jua kali fungua ukuta wa buti nyumbani. Nunua kabisa pakiti ya klipu za plastiki kabla ya kuanza, maana utavunja mbili tatu hata ukiwa makini, na ukuta wa buti usioshikwa vizuri utakupigia kelele kila tuta.